Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mabadilishano ya Mtandaoni na Insha za Kiingereza za Wanafunzi wa Chuo Kikuu

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kitanzania anapoingia chuo kikuu huwa amekwisha kuandika insha nyingi za Kiingereza, lakini ni nadra kuwa aliwahi kuandika hata moja kwa ajili ya mtu aliyetaka kujua jambo kutoka kwake. Karibu zote zilisomwa na mwalimu aliyekuwa analijua jibu, na kazi ya mwalimu huyo ilikuwa kuhesabu hoja na kutia alama. Makala haya yanatetea rai kwamba udhaifu mkubwa wa insha za Kiingereza katika vyuo vikuu unatokana na ukosefu huo wa msomaji kuliko unavyotokana na upungufu wa sarufi. Yanadai pia kwamba mabadilishano ya maandishi kwa njia ya mtandao, baina ya wanafunzi wa Tanzania na wenzao wa nchi nyingine, yanaweza kuleta msomaji huyo, ilimradi Kiswahili nacho kipewe nafasi sawa katika mabadilishano hayo.

Kwa “mabadilishano” inakusudiwa kazi iliyopangwa na walimu wawili wa vyuo viwili, ambamo wanafunzi huandikiana, husomeana na kuulizana maswali kwa muda maalumu, na kazi hiyo huingia katika alama za kozi. Haikusudiwi urafiki wa kalamu unaoanza kwa shauku na kufa baada ya barua ya pili. Makala yataanza na usuli wa tatizo, yatachunguza umbo la insha inayolalamikiwa, kisha yatajadili mchango wa msomaji wa mbali, nafasi ya Kiswahili, pingamizi zinazoweza kutolewa, na mwisho mapendekezo.

2.0 Usuli wa Tatizo

Historia ya lugha ya kufundishia nchini Tanzania inafahamika vyema. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, isipokuwa chache, na Kiingereza kimebaki kuwa lugha ya sekondari na vyuo. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika katika sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 uchunguzi wa Criper na Dodd ulionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Hata hivyo wachunguzi hao walishauri Kiingereza kiendelee. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, lakini hata baada ya hapo Kiingereza kiliendelea kutawala vitabu na mitihani ya sekondari na vyuo.

Makala haya hayakusudii kuurudia mjadala huo. Wataalamu kama Martha Qorro na Casmir Rubagumya wameueleza kwa kina, na Qorro amesisitiza kwamba kufundisha lugha vizuri ni jambo moja na kuitumia lugha hiyo kufundishia masomo yote ni jambo jingine. Vilevile, Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu ilipoanzishwa mwaka 1970, imethibitisha kwa vitendo kwamba taaluma ya chuo kikuu inaweza kufundishwa na kuandikwa kwa Kiswahili. Lakini mwanafunzi aliyeketi darasani leo hawezi kungoja mjadala umalizike. Hata yule anayesoma Kiswahili huandika kwa Kiingereza katika somo lake la pili, iwe historia, jiografia au elimu. Akishindwa kuandika, anahesabiwa kuwa ameshindwa kufikiri. Hapo ndipo penye dhuluma.

Jibu la kawaida la vyuo limekuwa kozi ya stadi za mawasiliano katika mwaka wa kwanza. Kozi hiyo hufundisha kuandika muhtasari, kunukuu vyanzo na kusahihisha sentensi. Ni kozi yenye manufaa, lakini inafundishwa katika kumbi zilizofurika na inashughulika zaidi na makosa yanayoonekana juu ya karatasi. Inaacha swali moja bila kuliuliza: mwanafunzi anamwandikia nani?

3.0 Insha Isiyo na Msomaji

Umbo la insha inayolalamikiwa linajulikana kwa kila mhadhiri. Huanza kwa fasili iliyonakiliwa kutoka katika kamusi, hata kama neno linalofasiliwa halina utata wowote. Hufuata orodha ya hoja, ya kwanza hadi ya sita, kila moja ikipewa aya yake. Hoja ya nne inaweza kuhamishiwa mahali pa kwanza bila insha kuharibika, na hiyo ni dalili kwamba hoja hizo hazikufungamana tangu awali. Mwisho huja hitimisho linalorudia utangulizi kwa maneno yaleyale. Mwanafunzi hajasema uongo mahali popote, lakini pia hajasema jambo ambalo msomaji hakulijua.

Ni kosa kuliita umbo hili uvivu. Mwongozo wa kusahihishia mitihani hutoa alama kwa idadi ya hoja, na anayejua kwamba hoja sita zina alama zaidi ya hoja mbili zilizochambuliwa kwa kina atakuwa mjinga akiandika mbili. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwanafunzi amejifunza kwa usahihi kabisa alichofundishwa, kisha chuo kikuu kinamlaumu kwa kukijua.

Wala mhadhiri peke yake hawezi kuiondoa kasoro hiyo. Mhadhiri mwenye darasa la wanafunzi 200, akitumia dakika 15 tu kwa kila insha, atahitaji saa 50 kulimaliza rundo moja. Rasimu ya pili kwa darasa kama hilo ni ndoto. Matokeo yake ni kwamba insha huandikwa mara moja, husahihishwa mara moja, na hurudishwa wakati kozi inakaribia kwisha. Mwanafunzi hutazama alama na kuiweka karatasi kando.

Kuna jambo la pili, ambalo halizungumzwi sana. Mhadhiri mwenyeji ni msomaji anayeelewa mno. Mwanafunzi akiandika kwa Kiingereza kwamba mkutano wa kijiji ulianza saa mbili asubuhi, naye akaitafsiri saa hiyo neno kwa neno, mhadhiri huisoma kuwa saa mbili ya Kiswahili na kuendelea mbele. Msomaji wa nje angeelewa kwamba wanakijiji walikutana usiku wa manane, saa nane ya Kiswahili. Mwanafunzi akimwita binamu yake “ndugu” katika Kiingereza, mhadhiri anajua upana wa udugu huo. Kila pengo lililomo katika insha huzibwa kimyakimya na ujuzi ambao msomaji na mwandishi wanao kwa pamoja. Mwandishi hapati kujua kwamba pengo lilikuwapo. Kinyozi hajinyoi, na katika darasa la wenyeji watupu wote ni vinyozi wa kichwa kimoja.

4.0 Mabadilishano si Jambo Geni

Wazo la kujifunza kuandika kwa kuandikiana na watu wa mbali ni la zamani kuliko kompyuta. Katika miaka ya 1920 mwalimu wa Kifaransa Célestin Freinet aliwafanya watoto wa shule yake ya kijijini wachape maandishi yao wenyewe na kuyatuma kwa watoto wa shule nyingine ya mbali. Watoto hao waligundua kwamba vitu walivyoviona kila siku na kuvidharau vilihitaji kuelezwa kwa mtu asiyevijua. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wa Ufaransa na Ujerumani walikutanishwa wawili wawili ili kila mmoja ajifunze lugha ya mwenzake. Katika miaka ya 1990 utaratibu huo ulihamia katika barua-pepe, na Chuo Kikuu cha Bochum, Ujerumani, kilikuwa miongoni mwa vitovu vyake. Ulijengwa juu ya misingi miwili: kila upande utoe na upokee kwa kadiri sawa, na kila mwanafunzi awajibike kwa mafunzo yake mwenyewe.

Mwaka 1997 mradi wa Cultura ulianza katika chuo cha MIT, Marekani, ukiwaunganisha wanafunzi wa Kimarekani waliojifunza Kifaransa na wanafunzi wa Ufaransa waliojifunza Kiingereza. Mambo ya kwanza waliyoulizwa yalikuwa mepesi: neno fulani linakukumbusha nini? Ungeimaliza vipi sentensi hii? Majibu ya pande mbili yaliwekwa sambamba, kisha wanafunzi wakajadili kwa nini yalitofautiana. Waliobuni mradi huo waliamua kwamba kila kundi liandike kwa lugha yake yenyewe, ili pasiwe na upande unaozungumza kwa kigugumizi na mwingine kwa ufasaha. Uamuzi huo una funzo kubwa kwa Afrika Mashariki, na makala haya yatalirejea.

Kwa upande wa Waswahili, mabadilishano ya maneno kutoka mbali yana mizizi ya ndani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi mengi kuwajibu wapinzani wa miji mingine ya pwani. Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa mwaka 1923, washairi wasiowahi kuonana uso kwa uso walipata ukumbi wa kuulizana na kujibizana. Mtunzi aliyepeleka shairi lake alijua kwamba liko jicho litakalolikagua, na kwamba hoja dhaifu itajibiwa hadharani. Jicho hilo lilimfundisha mengi ambayo hakufundishwa na mwalimu yeyote. Kinachopendekezwa hapa kwa insha za Kiingereza ni kurejesha jicho la namna hiyo.

5.0 Swali la Msomaji wa Mbali

Ili kuonyesha jinsi msomaji wa mbali anavyoweza kuibadili insha, inafaa uchukuliwe mfano mmoja wa kubuni, lakini wenye mambo ya kweli ndani yake. Mwanafunzi wa Tanzania anaandika insha ya Kiingereza kuhusu mahari. Rasimu ya kwanza ina hoja tatu: mahari ni muhimu katika jamii za Kiafrika, mahari huonyesha heshima, na mahari huunganisha familia. Kwa mhadhiri mwenyeji, hoja hizo hazina kosa. Rasimu inamfikia mwanafunzi wa Kijerumani anayejifunza Kiswahili, naye anarudisha maswali matatu: Je, mali hiyo anaipokea nani? Ndoa ikivunjika, hurudishwa? Na mwanamke mwenyewe ana kauli gani?

Mwandishi huenda akaudhika kwanza, kwa kuwa maswali yananukia tuhuma kwamba mwanamke ananunuliwa. Lakini akitaka kuyajibu atalazimika kutafuta. Atagundua kwamba katika sheria ya Kiislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, na kwamba katika jamii nyingine, kama vile Wakurya, ng’ombe huenda kwa familia ya mwanamke. Neno moja la Kiswahili linafunika desturi mbili ambazo mantiki zake ni tofauti. Atagundua pia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikuifanya mahari kuwa sharti la uhalali wa ndoa. Sasa hawezi tena kusema “jamii za Kiafrika” kana kwamba ni nyumba moja. Fasili aliyoinakili kutoka katika kamusi haimsaidii. Anahitaji fasili yake, inayotenganisha mambo mawili. Hoja tatu zilizokuwa zimekaa kandokando zinaanza kutegemeana: mahari humheshimu mwanamke pale ambapo yeye ndiye mwenye mali, pale ambapo mali ni ya wengine, heshima hiyo inahitaji kuthibitishwa kwa njia nyingine. Insha imepata dai, na dai hilo linaweza kupingwa.

Ni muhimu kuangalia kwamba msomaji huyo hakusahihisha hata sentensi moja. Alichofanya ni kutojua. Kutojua kwake kulikuwa kwa kweli, na mwandishi alikuwa na mamlaka ya kulijibu swali. Hali hiyo ni kinyume cha darasa la kawaida, ambamo anayeuliza ndiye anayejua na anayejibu ndiye asiyejua. Mambo yanayofundishwa katika kozi za uandishi, yaani kufasili, kutenganisha, kutoa ushahidi na kukiri mipaka ya dai, mwanafunzi huyo ameyafanya kwa sababu ameyahitaji.

Aidha, maneno hufuata haja. Anayetaka kusema “pale ambapo” na “isipokuwa” kwa Kiingereza atavitafuta viunganishi vyake na kuvishika. Aliyepewa orodha ya viunganishi ubaoni huvipachika popote.

6.0 Nafasi ya Kiswahili

Hatari kubwa ya mabadilishano ya aina hii ni kwamba yanaweza kugeuka kuwa njia mpya ya utegemezi. Ikiwa mwanafunzi wa Kiafrika ataandika kwa Kiingereza na mwanafunzi wa Ulaya au Marekani atasahihisha, basi upande mmoja utakuwa mwalimu na mwingine mwanafunzi milele, na mwenye lugha atakuwa askari wa lugha. Mwandishi ataacha kufikiri juu ya mahari na kuanza kuhofia vihusishi. Funzo la Cultura ni hili: usawa haujileti, hupangwa.

Njia nyepesi ya kuupanga iko mikononi mwa idara za Kiswahili. Kiswahili kinafundishwa Leipzig, Hamburg na Bayreuth, London, Paris na Napoli, Osaka, Seoul na Beijing, na katika vyuo vingi vya Marekani. Wanafunzi wa huko wana tatizo lilelile: nao huandika insha za Kiswahili zinazosomwa na mwalimu mmoja anayeelewa mno. Wanamhitaji msomaji wa Dodoma au Zanzibar kwa kiasi kilekile ambacho mwanafunzi wa Dodoma anamhitaji msomaji wa Leipzig. Kila mmoja aandike insha moja kwa lugha anayojifunza, na kila mmoja awe msomaji wa insha ya mwenzake. Hapo Kiswahili ni mtaji, na Mtanzania anaingia darasani akiwa na kitu cha kutoa.

Kutoa huko ni sehemu ya kujifunza. Mgeni anayejifunza Kiswahili atauliza: kwa nini husemwa “rafiki yangu” lakini “rafiki mzuri”, na kwa nini “mtoto wangu” lakini “mama yangu”? Mzawa wa lugha hajawahi kujiuliza. Akianza kutafuta jibu ataona kwamba majina mengi ya watu yaliyomo katika ngeli ya N, hasa ya udugu na urafiki, hushika upatanisho wa ngeli hiyo katika vimilikishi, ilhali vivumishi na vitenzi vyake hufuata upatanisho wa viumbe. Ameigeuza lugha yake kuwa kitu cha kuchunguzwa. Mtu aliyewahi kufanya hivyo kwa lugha yake huelewa haraka zaidi kwa nini Kiingereza hudai kijineno fulani kabla ya nomino, jambo ambalo Kiswahili hakilihitaji. Nadharia ya Jim Cummins ya mwaka 1979 inaeleza kwamba umilisi wa kitaaluma katika lugha moja huisaidia lugha nyingine. Mabadilishano ya pande mbili yanaipa nadharia hiyo uwanja wa kufanyia kazi.

Wala si lazima mwenzi awe Mwingereza au Mmarekani. Mwanafunzi wa Osaka au Seoul anayejifunza Kiswahili hutumia Kiingereza kama lugha ya kujifunza, sawa na mwenzake wa Mwanza. Baina yao hakuna mwenye lugha. Wote wawili watalazimika kuandika Kiingereza kinachoeleweka na mtu asiyekuwa jirani, na hiyo ndiyo kazi halisi ya Kiingereza katika taaluma ya leo.

7.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza hutoka kwa wale wanaoamini kwamba tatizo liko katika utamaduni. Mwaka 1966 Robert Kaplan alichapisha makala mashuhuri yaliyodai kwamba kila utamaduni una namna yake ya kupanga aya. Kiingereza alikichora kama mstari ulionyooka, na lugha za Mashariki kama mzunguko unaoelekea ndani. Madai hayo yalipingwa sana, na Kaplan mwenyewe aliyalegeza baadaye. Kuyahamishia kwa Mswahili hakusaidii. Shaaban Robert alichapisha Kielezo cha Insha mwaka 1954. Insha ya Kiswahili ina historia yake, haikuzaliwa jana. Mzee anayesimama barazani kutetea shamba lake hatoi hoja sita zisizojuana. Huanza na mipaka, akataja mashahidi, akamjibu mpinzani wake kabla hajasema. Insha ya orodha ni mtoto wa mtihani, na utamaduni unasingiziwa.

Pingamizi la pili linahusu vifaa na gharama. Ni kweli kwamba mwanafunzi mwenye simu tu hayuko sawa na mwenye kompyuta yake chumbani. Lakini tangu nyaya za baharini zilipofika pwani ya Afrika Mashariki, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, hali si ile ya enzi ya setilaiti. Zaidi ya hayo, kinachopendekezwa ni maandishi na si picha za mubashara. Insha ya maneno 800, ikitumwa kama maandishi matupu, ni kilobaiti chache tu. Maandishi pia hayadai watu wawili wawe macho kwa wakati mmoja, jambo lenye uzito pale ambapo saa za New York ziko nyuma ya za Dar es Salaam kwa saa saba au nane.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: mabadilishano huvunjika. Utafiti wa Julie Belz wa mwaka 2002 kuhusu wanafunzi wa Marekani na Ujerumani ulionyesha jinsi kalenda zisizolingana za vyuo na tofauti katika upatikanaji wa kompyuta zilivyoathiri uhusiano wao. O’Dowd na Ritter, mwaka 2006, waliorodhesha sababu nyingi za mawasiliano kushindwa. Kwa Mswahili iongezwe ya salamu. Barua isiyoanza kwa kumjulia mtu hali huonekana ya mtu mwenye kiburi, na barua yenye salamu za aya mbili humchosha aliyezoea kuingia katika shughuli moja kwa moja. Ukimya wa wiki moja upande mmoja ni mtihani wa katikati ya muhula. Upande wa pili ni dharau. Jibu si kuyaacha mabadilishano, bali kuwafanya wanafunzi waijadili mikwaruzo hiyo darasani. Mwandishi aliyetambua kwamba salamu yake ilimpotosha msomaji amejifunza somo la kwanza la insha.

Pingamizi la nne ni la siku hizi. Programu za akili mnemba, zilizoenea tangu mwishoni mwa mwaka 2022, zinaweza kumpa mwanafunzi insha ya Kiingereza safi kwa dakika moja. Basi kuna haja gani ya mwenzi wa mbali? Haja imeongezeka. Programu hizo zimeifanya sarufi safi kuwa bidhaa rahisi, na insha ya orodha, yenye fasili ya kamusi na hoja sita, ndiyo ambayo mashine huiandika bila taabu. Kilichobaki na thamani ni kile ambacho mwandishi anakijua na mashine haikijui: mahari ilivyojadiliwa katika ukoo wake, samaki wanavyonadiwa katika soko la mji wake. Msomaji wa mbali huuliza hayo hasa. Na mfuatano wa rasimu, maswali na majibu huacha alama za nyayo za kufikiri, ambazo ni vigumu kuzighushi kuliko karatasi moja ya mwisho.

8.0 Mapendekezo

Kutokana na hoja hizo, yapo mambo matano yanayofaa kutekelezwa.

Kwanza, mabadilishano yawe ya wiki nane hadi kumi ndani ya kozi iliyopo, na kalenda za vyuo viwili zilinganishwe kabla ya jambo lolote. Mwaka wa masomo wa vyuo vya Tanzania huanza mwishoni mwa mwaka wa kalenda, wakati vyuo vingi vya Marekani viko katikati ya muhula. Wiki zinazopatana ni chache, zitumiwe kwa uangalifu.

Pili, kila mwanafunzi aandike insha moja tu kwa lugha anayojifunza, lakini aiandike mara tatu. Ni bora insha moja iliyoulizwa maswali kuliko tano zilizopewa alama.

Tatu, katika duru ya kwanza msomaji asisahihishe sarufi. Aandike mambo matatu: mahali asipoelewa, mahali anapotaka kujua zaidi, na dai asilolikubali pamoja na sababu. Sarufi ni kazi ya mwalimu katika rasimu ya mwisho, wakati ambapo sentensi zina jambo la kusema na zinastahili kunyooshwa.

Nne, alama zitolewe kwa umbali uliopo baina ya rasimu ya kwanza na ya tatu, na kwa ubora wa maswali ambayo mwanafunzi alimwuliza mwenzake. Anayejua kuuliza swali zuri juu ya insha ya mtu mwingine yuko karibu kujiuliza mwenyewe, na huo ndio ukomavu wa mwandishi.

Tano, idara za Kiswahili na za Kiingereza ziache kutazamana kama wake wenza. Mabadilishano ya namna hii hayawezekani bila idara ya Kiswahili, kwa kuwa yenyewe ndiyo yenye uhusiano na walimu wa Kiswahili wa ughaibuni. Wala hayana maana bila idara ya lugha za kigeni, kwa kuwa insha za Kiingereza ziko chini yake. Kozi ya pamoja ya muhula mmoja, kwa kundi dogo la wanafunzi 20 au 30, ingetosha kuanzia.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba insha dhaifu ya Kiingereza ni, kwanza kabisa, insha isiyokuwa na mtu wa kuisoma kwa haja. Miaka mingi imetumika kumfundisha mwanafunzi jinsi ya kusema bila kumwonyesha anayesikiliza. Mabadilishano ya mtandaoni hayataitatua migogoro ya lugha ya kufundishia, wala hayatazijaza nafasi za wahadhiri zilizo wazi. Yanaweza, hata hivyo, kumpa kijana wa Kitanzania jambo ambalo mitihani ilimnyima tangu kidato cha kwanza, yaani kuulizwa swali ambalo yeye ndiye mwenye jibu lake.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayeuliza kwa nini mahari, kwa nini saa mbili, kwa nini “rafiki yangu”, anamfanya mwenyeji aione nyumba yake upya. Na mwenyeji akiwa naye mgeni katika lugha ya pili, wote wawili watapona.